Mgonjwa haulizwi uji, lakini shamba lake huulizwa

BARUA

Bi Mshauri, asalaam aleikum na shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, hospitali moja hapa Malindi. Baba yangu ana miaka 74. Siku tisa zilizopita alianguka alfajiri akitia udhu, na tulipomfikisha hospitali daktari akasema ni kiharusi. Upande wa kulia umelala, mkono na mguu. Maneno yanamtoka mazito, lakini akili, alhamdulillahi, naiona ipo: huniuliza kama mbuzi wamepewa maji, na juzi alimkumbuka mtu ambaye hajamlipa pesa zake za nazi.

Shida ni karatasi. Kaka yetu mkubwa anafanya kazi Mombasa na ndiye aliyebeba gharama nyingi mpaka sasa, sitamsingizia. Ametuma kwa basi bahasha yenye hati ya uwakala, kurasa tatu za Kiingereza, inayompa yeye uwezo wa kusimamia, kukodisha na kuuza shamba la baba lililoko upande wa Mambrui, ekari nne na nusu za minazi na miembe. Anasema madaktari wanataka baba apelekwe Mombasa kwa vipimo na mazoezi ya viungo, pesa zimekwisha, na shamba ndilo lililobaki. Ameniagiza nimwekee baba kidole tu, halafu niipeleke mjini ikapigwe mhuri.

Nilikwenda. Kwenye duka moja la kupiga chapa na kutoa kopi nilimkuta kijana, akaniambia mzee hana haja ya kuonekana, niache karatasi na pesa, nikirudi baada ya adhuhuri nitaikuta imeshapigwa mhuri wa wakili. Nikamuuliza wakili atajuaje kama kidole ni cha baba? Akacheka: "Dada, mhuri hauna macho." Sikuiacha. Nilirudi hospitali nikamuuliza sista mkuu wa wodi kama naweza kumleta wakili hapa kitandani, akanijibu kwa ukali kwamba wodi si ofisi ya ardhi.

Na kuna jambo jingine dogo. Kaka yangu wa kati alifariki miaka minne iliyopita, akaacha mtoto wa kiume ambaye sasa ana miaka 11, yuko Gongoni na mama yake. Baba kila akimtaja mtoto huyu hutokwa na machozi, na mara mbili amenishika mkono akisema, "Fungu lake, fungu lake." Kaka anasema huu si wakati wa hayo.

Kaka anaisubiri hati Jumatatu. Nifanye nini?

Binti wa mzee, Malindi


JIBU

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Mola amuafu mzee wetu, amrudishie nguvu za mkono na ulimi.

Umefanya jambo la maana kutoiacha ile karatasi dukani. Naanzia hapo kwa sababu maneno kama ya kijana yule nimeyasikia miaka mingi, na kila nikiyasikia damu hunipanda. Mhuri una macho. Ni macho ya yule anayeupiga. Kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, na anapogonga mhuri wake anatoa ushahidi: fulani alifika mbele yangu, nilimwona, aliapa, mahali fulani, tarehe fulani. Sheria ya Viapo ya Kenya, Sura ya 15, inamtaka aandike kwa ukweli ni wapi na ni lini kiapo kilichukuliwa. Akiandika kwamba baba yako alifika ofisini kwake siku ambayo baba yako hawezi hata kujigeuza kitandani, hapo hapana hati tena. Pana uongo wenye wino wa buluu.

Haya yamenipata nyumbani kwetu. Mjomba wangu alilazwa hapa hapa Malindi, na wanawe wakamtengenezea hati ya kiapo kuhusu mpaka wa shamba. Hati ikapelekwa Mombasa, ikarudi na mhuri, chini imeandikwa kwamba ameapa Mombasa, na tarehe. Miaka miwili baadaye jirani akaenda mahakamani. Wakili wa jirani hakugusa habari za mpaka kabisa. Aliomba faili la hospitali, akasoma chati ya joto la mwili ya tarehe ile ile: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku, kila mstari na sahihi ya muuguzi. Akaiweka pembeni ya hati yetu. Akaketi. Mjomba hakuwa mwongo, mpaka alioutaja ndio mpaka wenyewe, na mimi nimecheza kwenye mpaka huo nikiwa mtoto. Lakini neno lake la kweli lilikuwa limewekwa ndani ya karatasi ya uongo, na likaanguka pamoja nayo. Mwenyewe alikuwa ameshazikwa, hakuweza kuja kulisema upya.

Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, uji mpe bila kumuuliza. Lakini shamba lake muulize, na muulizaji awe mtu asiyekula katika shamba hilo.

Kwa hiyo usimwekee kidole. Kumshika mzee kidole ukakigandamiza kwenye kurasa za Kiingereza ambazo hajasomewa ni kughushi, na wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyekishika.

Sasa, wakili anaweza kuja hospitali? Anaweza. Hakuna sheria inayomfunga kwenye meza yake, na wengi huenda wakiombwa vizuri na wakilipwa safari yao. Ila jua kwanza unamwita nani. Ikiwa ni hati ya kiapo, unamtaka kamishna wa viapo, naye asiwe wakili anayewasimamia nyinyi katika jambo hilo hilo, sheria inamkataza. Ikiwa ni karatasi ya kuvuka mpaka, mathalani ndugu yuko Muscat au London na benki ya huko inataka sahihi ya mzee, hapo ndipo anapohitajika notari, kisha karatasi iende Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi. Nyinyi yenu ni ya hapa nyumbani, msimlipe notari bure. Hati ya uwakala inayogusa ardhi inataka wakili ashuhudie na athibitishe kwamba mzee alikuwa mbele yake, anamjua au ametambulishwa kwake na mtu mwaminifu. Halafu hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa katika ofisi ya usajili wa ardhi. Bila kusajiliwa, kaka yako hataweza kuitumia kuhamisha hata mnazi mmoja.

Kabla ya kumpigia wakili simu, lakini, itazame hati yenyewe. Mimi sioni kwamba kaka yako ni mwizi. Naona mtu aliyechoka kulipa. Lakini ametaka uwezo mkubwa kuliko haja. Haja ni pesa ya matibabu sasa hivi, na kuuza shamba hakuleti pesa sasa hivi. Shamba la kilimo lenye hatimiliki haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bodi hukaa kwa siku zake. Mnunuzi naye atataka kupekua rejista, atataka kupima, ataona familia ina haraka na atashusha bei. Baba atakuwa ameshamaliza mazoezi ya viungo na pesa hazijaonekana. Ninyi watu wa Mambrui mnajua zaidi yangu kwamba embe huuzwa zikiwa mtini, na minazi hukodishwa kwa mwaka. Basi hati iandikwe upya, iwe fupi na mahususi: wakala aruhusiwe kuuza mavuno, kukodisha minazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kupokea madeni ya nazi, na kulipia matibabu ya baba. Neno "kuuza shamba" litoke. Na mawakala wawe wawili, kaka yako na wewe, mtende kwa pamoja. Baba akipona anaweza kuifuta. Jambo la kulijua mapema, ingawa kulisema ni zito: hati ya uwakala hufa siku anapokufa aliyeitoa. Anayeitumia baada ya mazishi anajitafutia kesi.

Na kama shida nyingine ni akaunti yake ya benki, nenda tawi lake kwanza. Benki zina fomu zao wenyewe, na si ajabu meneja akamtuma ofisa wake mpaka hospitali.

Nije kwenye lile ulilosema ni dogo. Kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Baba yako anashika mkono na kusema "fungu lake." Anajua anachosema. Kwa sheria ya Kiislamu, mjukuu ambaye baba yake amefariki kabla ya babu hapati kitu katika mirathi ya babu iwapo babu ameacha mtoto wa kiume aliye hai. Kaka yako mkubwa yupo, kwa hiyo mtoto yule wa Gongoni amezuiliwa. Mzee analijua hilo, pengine alilisikia darasani msikitini miaka 40 iliyopita, na ndilo linalomliza. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia mlango: wasia. Mtu anaweza kuusia mpaka theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, na mjukuu aliyezuiliwa si mrithi. Theluthi hii haikutoka hewani. Saad bin Abi Waqqas alikuwa mgonjwa kitandani Makka, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokwenda kumzuru. Saad akataka kutoa theluthi mbili za mali yake, akakatazwa, akataka nusu, akakatazwa, ndipo akaambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Unaona? Suala la mgonjwa na mali yake lilijibiwa pale pale penye kitanda chake, na aliyeulizwa alikuwa na pumzi ya kujibu.

Wasia huo hauhitaji mhuri wa mtu yeyote. Unahitaji mzee mwenye akili timamu, maneno yaliyo wazi, na mashahidi wawili waadilifu ambao hawarithi na hawapewi kitu. Imamu wa msikiti wenu mmoja, jirani wa shambani mmoja, wanatosha. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imewaachia Waislamu wafuate sheria yao katika nani anapata nini, na mbele kukiwa na ubishi kuna Mahakama ya Kadhi hapa Malindi, na Lamu pia. Hata hivyo mimi ningeuandika, na ningemwomba wakili yule yule auandae siku moja na hati ya uwakala, kwa sababu maneno ya mashahidi huchakaa na karatasi nzuri haichakai. Usajili wa wasia si lazima. Weka nakala moja kwa imamu, moja kwa wakili.

Na mwambie kaka yako kitu kimoja kwa upole: akifikiria kwamba baba ampe zawadi ya shamba, au amwandikie lote kabla hajafa, hilo halitamfaa. Madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu huku pwani huyahesabu anayoyatoa mtu katika maradhi ya mauti kama wasia. Hayapiti theluthi, na mrithi hapewi wasia mpaka warithi wenzake waridhie. Amuulize Kadhi kama hajaniamini.

Sasa siku yenyewe. Hapa ndipo watu hukosea mambo madogo, kisha madogo yakawa makubwa.

Sista usimchukie. Mahospitali mengi hayataki wafanyakazi wao waingie kwenye karatasi za familia, na wana sababu, wameburuzwa mahakamani vya kutosha. Usimwombe ashuhudie. Mwombe ruhusa tu, tena kwa barua fupi kwa mganga mkuu wa hospitali: nani atakuja, kwa shughuli gani, saa ngapi, atakaa dakika ngapi, na kwamba mashahidi mnakuja nao wenyewe. Barua hiyo bora aiandike wakili. Sista aliyekukaripia wewe benchini hatamkaripia mwenye barua iliyosainiwa na mkuu wake.

Daktari mwombeni barua ya siku hiyo hiyo, yenye saa. Iseme kwamba mgonjwa anajua yuko wapi, anawatambua watu, anaelewa anachoulizwa, na kwamba dawa alizopewa hazijampumbaza. Barua ya juzi haitoshi, kwa sababu akili ya mgonjwa wa kiharusi hupanda na kushuka kama maji ya ufuoni. Chagueni saa za asubuhi, madaktari wakishamaliza raundi, amekwisha oga na kunywa chai, kabla ya dawa za usingizi. Msichague saa ya kuzuru wagonjwa. Wodi hujaa shangazi na ami, kila mmoja ana ushauri wake, na mzee hujibu kwa kuwaridhisha.

Mwekeni meno yake ya bandia kama anayo, na miwani, na kofia yake. Usinione nachezea jambo. Mzee asiye na meno maneno yake hayasikiki, asiye na miwani hutikisa kichwa kwa kitu asichokiona, na asiye na kofia mbele ya mgeni hujiona amevuliwa heshima, atataka mambo yaishe haraka. Chukueni kitambulisho chake cha asili, siyo kopi, namba ya PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, na picha za pasipoti zake na za mawakala. Mpiga picha anaweza kuja, shuka jeupe likatundikwa nyuma ya kitanda. Chukueni na kibao kigumu cha kuwekea karatasi. Godoro la hospitali hubonyea na alama hutoka imepotoka.

Kidole kitakuwa cha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umelala. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali alama ya kidole gumba kama sahihi. Kisafisheni kwanza kwa pamba na spiriti, kikauke, kwa sababu vidole vya mgonjwa huwa na mafuta na jasho, na wino hutawanyika ukabaki doa bila mistari. Kiguswe wino kidogo, kisha kiviringishwe mara moja, siyo kugandamizwa. Pembeni yake wakili aandike kwamba ni alama ya kidole gumba cha kushoto cha fulani, na kwamba hati ilisomwa kwake kwa Kiswahili, neno kwa neno, akaonyesha ameielewa. Zile kurasa za Kiingereza zisomwe kwa Kiswahili bila kufupishwa. Mkisema tu "ni karatasi ya shamba, baba," mmemnyima haki yake.

Na wakati wa maswali wakili awe peke yake naye. Wewe na kaka yako mtoke, hata kama mzee anawaita.

Hili la kutoka nililijua kwa mama yangu. Baada ya yaliyompata mjomba, mama alipolazwa nilimtafuta wakili, binti mdogo tu, akaja mwenyewe na tuktuk, begi begani. Alinitoa nje ya pazia. Nilikasirika, maana mimi ndiye niliyemwosha mama asubuhi ile. Akavuta kiti cha plastiki, akaanza na maswali ambayo sikuyatarajia. "Bibi, shamba lako limepakana na nani?" Mama akataja: kaskazini mbuyu, kusini njia ya msikiti. "Una watoto kumi?" Mama akasema hapana, wanne. Baadaye wakili alinieleza kwamba mgonjwa akijibu ndiyo kwa kila kitu, ndiyo yake haina thamani, kwa hiyo lazima aulizwe na maswali ambayo jibu lake ni hapana. Kisha akamuuliza, "Na ukikataa kutia kidole leo, nani atakukasirikia?" Mama akanyamaza kwa muda. Nilisikia feni tu. Halafu akasema: "Huyo aliye nje ya pazia."

Nililia, mwanangu. Sikuwa nimemlazimisha kwa neno lolote. Lakini mama alikuwa anaogopa kunichukiza, na asingelisema hilo mbele yangu hata angekaa mwaka mzima kitandani. Wakili akamwambia basi leo hatutii kidole, nitarudi. Akarudi siku ya tatu, mama akiwa amebadilisha kitu kimoja alichokitaka yeye, na karatasi hiyo mpaka leo hajatokea ndugu wa kuigusa.

Kwa hiyo baba yako mwekeeni maswali ya aina hiyo, na kwa kuwa ulimi ni mzito apewe muda. Akiruhusu mwenyewe, wakili anaweza kurekodi kwa simu yake. Video hiyo ikae kwa wakili. Msiirushe kwenye kundi la familia la WhatsApp, mzee amelala na shati la hospitali, hiyo ni aibu kwake, na habari za ugonjwa wa mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kumpata wakili: mpigie, muulize mambo matatu bila haya. Utakuja wewe mwenyewe au utamtuma karani? Una cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi? Ada yote ni kiasi gani, pamoja na safari? Cheti cha wakili ni cha mwaka mmoja mmoja, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Akisema karani atakuja na mhuri, mshukuru ukate simu. Akisema tuapishe kwa simu ya video, mkatalie pia. Kuapa ni mbele ya mtu.

Wasomaji wangu wa Lamu, najua mnasema huko kwenu si tuktuk. Mgonjwa akiwa Faza au Kizingitini na wakili yuko Mji wa Lamu, ulizeni kwanza maji. Boti za kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, na wakili akikwama huko atafika mgonjwa ameshapewa dawa za usiku. Pangeni siku kwa maji na kwa daktari, siyo kwa nafasi ya wakili peke yake, na kubalianeni mapema nani analipa boti ikibidi kulala.

Na ikitokea daktari akasema hapana, mzee haelewi? Basi hapo msitie kidole chochote. Mtakwenda Mahakama Kuu, nayo iko hapa hapa Malindi, kuomba iteue msimamizi wa mali yake kwa Sheria ya Afya ya Akili. Ni njia ndefu na ina gharama, lakini ndiyo itakayobaki. Ndiyo sababu nakuhimiza wiki hii, wakati bado anakuuliza habari za mbuzi.

Kaka yako mpigie leo usiku, usimwandikie ujumbe. Mwanzie na shukrani ya alizolipa, zitaje moja moja. Kisha mwambie hati ya Jumatatu haitakuwapo, itakuwapo nyingine, na yeye pia atasomewa. Mwambie na habari ya fungu la mtoto, kwamba ni baba aliyelisema na siyo wewe. Aje mwenyewe, asitume bahasha. Akifika, mpeleke kwa imamu kabla ya kumpeleka wodini.

Mtoto wa Gongoni naye aletwe amsalimie babu yake. Siku hiyo ya wakili asiwepo, wala mama yake. Mleteni siku nyingine, mapema, saa ya kuzuru, akae upande wa kushoto ambako mkono bado unashika.